Ziwa Lenye Umbo la Moyo

Mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini ya jiji la Tokyo, nchini Japani, liko bwawa ambalo mtu akiliona katika picha iliyopigwa toka angani hudhani ni mchoro wa mtoto aliyemtengenezea mama yake kadi. Lina umbo la moyo kamili, hata ule mkunjo wa juu upo. Jina lake ni Ziwa Yanaka. Pande zote limezungukwa na matete, na eneo zima, kilomita za mraba 33, huitwa Watarase Yusuichi. Watarase ni mto. Yusuichi, kwa herufi zao wenyewe, ni mahali ambapo maji huenda kucheza.

Jina tamu kweli! Lakini kazi ya mahali pale si mchezo. Ni bonde kubwa lililozungushiwa matuta ya udongo ili mto unapofurika maji yapate pa kwenda, yasishuke yote kwa pamoja mpaka Tokyo. Siku nyingine zote bonde hubaki matete, ndege na watu wa mapumziko. Mwaka 2012 liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, orodha ile ile yenye Ziwa Naivasha la Kenya na bonde la Kilombero la Tanzania.

Sisi hatukwenda kwa ajili ya ndege peke yao, ingawa tulifurahi nao. Tulikuwa tumesoma kwamba mwaka 1901 akina mama Wakristo wa Tokyo walipanda gari moshi wakaenda bonde la mto huo huo, wakaona mambo ambayo waume wakubwa wa serikali walikuwa wakisema hayapo. Tulitaka kuona walikofika.

Safari ni rahisi. Treni kutoka Tokyo huchukua saa moja na kitu, na kituo cha Yagyu ni kidogo kiasi kwamba tulishuka wanne tu: sisi wawili, mwenyeji wetu, mama wa makamo kutoka kanisa moja la Tokyo, na mzee mmoja aliyevaa darubini shingoni. Kabla hata hujafika bwawani unapita katikati ya mashamba mahali mikoa mitatu inapokutana, Tochigi, Gunma na Saitama. Pamewekwa alama, na watu hupiga picha mguu mmoja huku na mwingine kule. Zamani mpaka huo ulikuwa katikati ya mto. Mto wenyewe ulihamishwa mwanzoni mwa karne ya 20, mpaka ukabaki shambani. Tulicheka, kisha tukajiuliza: nchi inayoweza kuhamisha mto, itashindwa kuhamisha watu?

Ulikuwa mwezi wa Novemba, baridi imeanza kuuma. Matete yalikuwa yamekauka, yana rangi ya dhahabu na mashuke meupe, marefu kupita kimo cha mtu mrefu. Upepo ukipita ndani yake unasikia sauti kama ya watu wengi wanaonong'ona. Yameenea hekta 1,500 hivi, na hakuna uwanda wa matete mkubwa kuliko huu katika kisiwa kikuu cha Japani. Wenyeji wa zamani waliyakata wakasuka vipazia vya kuzuia jua la kiangazi dirishani. Kazi hiyo bado ipo, ingawa wanaoifanya ni wachache.

Juu ya tuta watu walikuwa wakipita na baiskeli, maana barabara ya kuzunguka bwawa ni tambarare na haina magari. Mama mmoja alikuwa amembeba mtoto nyuma na mwingine mbele, kikapu cha chakula kikining'inia kwenye usukani. Bata wa majini wamejaa bwawani, wale wanaokimbia baridi ya kaskazini. Wakati wa kiangazi, alituambia mwenyeji wetu, mbayuwayu kwa makumi ya maelfu hulala katika matete haya kabla ya kuanza safari yao ya kwenda nchi za joto. Na juu ya nguzo ndefu iliyojengwa makusudi upande wa mji wa Oyama, mwaka 2020 jozi moja ya korongo weupe ililea vifaranga wawili. Korongo hao walikuwa wamekwisha kabisa porini nchini Japani tangu mwaka 1971, wakarudishwa kwa kufugwa na kuachiliwa. Hiyo ya Oyama ilikuwa jozi ya kwanza kuzaa porini upande wa mashariki wa nchi.

Kila mwaka katikati ya Machi matete huchomwa moto. Tulishangaa. Kwetu moto wa porini mara nyingi ni uharibifu, bali huku huo ndio unaoliweka bonde hai. Ukichoma, jua linaifikia ardhi, mimea midogo adimu inachipua kabla matete hayajarefuka, na miti haipati nafasi ya kuliteka bonde. Mwaka 2011 na 2012 uchomaji ulisimamishwa, baada ya tetemeko kubwa la ardhi na ajali ya nyuklia ya Fukushima, na ukarudi mwaka 2013. Siku ya moto, miji ya jirani hutangaziwa mapema ili akina mama wasianike nguo nje, kwa sababu majivu huruka mbali. Mwenyeji wetu ana dada anayeishi karibu. Alisema dada yake hulalamika kila mwaka kuhusu shuka zake, na kila mwaka hupanda juu ya tuta kutazama.

Jambo lingine la nyumbani: maji ya Ziwa Yanaka husaidia kujaza mabomba ya jiji la Tokyo na viunga vyake. Kwa sababu maji yaliyotulia huota viumbe vidogo vinavyoyapa harufu ya ukungu, tangu mwaka 2004 bwawa hupunguzwa maji wakati wa baridi hadi sakafu yake ionekane na kukauka. Jua na baridi hufanya kazi ambayo dawa nyingi zingeifanya kwa gharama. Ni sawa na sisi tunavyoanika mtungi.

*Maji yanapokuja*

Tulisimama mahali ambapo tuta limeshushwa kimo makusudi. Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Mto ukipanda kupita kiwango fulani, maji huruka sehemu hiyo fupi yakamwagika bondeni, yakakaa humo kwa siku kadhaa, kisha milango hufunguliwa pole pole mto ukisha kushuka. Bonde limegawanywa katika sehemu tatu, na ya mwisho ilikamilika mwaka 1997.

Sababu ya uangalifu wote huo inakumbukwa na wazee. Septemba 1947 kimbunga walichokiita Kathleen kilileta mvua iliyopasua matuta ya mto Tone, ambao Watarase humwagikia. Palipopasuka ni karibu sana na hapa. Maji yalishuka siku kwa siku mpaka yakaingia Tokyo. Katika nchi nzima waliokufa na kupotea walizidi 1,900. Linganisha na Oktoba 2019, kimbunga Hagibis kilipopita: bonde hili peke yake lilishika maji yapatayo mita za ujazo milioni 160. Baiskeli, njia za kutembea, viwanja vya michezo, vyote vilizama. Jiji likalala salama.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, usituelewe vibaya tunapoeleza yaliyofuata. Bonde hili limeokoa watoto wengi. Swali letu ni nani aliyelipa.

*Sumu ya shaba*

Juu milimani, ambako mto Watarase unaanzia, uko mji wa Ashio wenye mgodi wa shaba. Mwaka 1877 mfanyabiashara Furukawa Ichibei aliununua, na baada ya muda mfupi ukawa mgodi mkubwa kuliko yote ya shaba nchini. Japani ilihitaji shaba: ndiyo iliyouzwa nje kupata fedha za kujenga nchi mpya. Moshi wa tanuri uliua misitu, milima ikabaki uchi, mvua ikawa haina cha kuizuia. Mafuriko yakaongezeka, na kila yalipokuja yalibeba mabaki ya mgodi. Gharika ya mwaka 1890 ilisambaza sumu katika mashamba ya mpunga ya mikoa kadhaa. Samaki walikufa. Miforosadi inayolisha nondo wa hariri, waliokuwa fedha ya mkononi ya akina mama wa vijijini, ilinyauka. Malalamiko ya siku zile yanataja jambo ambalo mama yeyote atalielewa bila kufafanuliwa: maziwa ya wanaonyonyesha yalikauka.

Mbunge wa huko, Tanaka Shozo, alilileta suala hilo bungeni mwaka 1891, akalirudia mwaka baada ya mwaka. Wakulima walitembea kwa miguu kwenda Tokyo kulalamika, na Februari 1900 polisi waliwapiga njiani mahali paitwapo Kawamata na kuwakamata wengi.

Hapo ndipo wanapoingia wale akina mama. Novemba 1901, Ushioda Chiseko, mjane na kiongozi katika chama cha wanawake Wakristo kilichopinga ulevi na ukahaba, alikwenda na wenzake kuona kwa macho. Pamoja nao alikuwamo Matsumoto Eiko, mwandishi wa gazeti. Hawakukaa katika nyumba ya mkuu wa wilaya wakipewa taarifa. Waliingia nyumba moja moja, wakauliza mnakula nini, wangapi wamekufa, nani anaumwa. Matsumoto aliandika alichoona, siku baada ya siku, na habari hizo zikatolewa kitabu mwaka 1902. Ushioda na wenzake waliunda chama cha wanawake cha kuwasaidia walioathirika, wakafanya mikutano mikubwa ya hadhara jijini, wakakusanya nguo, na baadhi ya watoto wakawachukua kuwalea Tokyo. Siku za mwisho za Desemba mamia ya wanafunzi nao walikwenda kujionea.

Siku zile zile, mwishoni mwa Novemba, mke wa mwenye mgodi alikutwa amekufa katika mto Kanda ndani ya Tokyo. Hakuna haja ya sisi kusema zaidi. Alikuwa mke wa mtu, na alisoma magazeti kama wengine.

Ushioda alifariki mwaka 1903. Tukisoma habari zake tulivutiwa na jambo moja: hakuwa na cheo serikalini, hakuwa na kura, maana wanawake wa Japani hawakupiga kura hadi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Alichokuwa nacho ni nauli ya gari moshi na wenzake wa kwenda nao.

*Kijiji cha Yanaka*

Serikali ilipaswa kufanya kitu. Ilichochagua si kufunga mgodi. Ilichagua kutengeneza bonde la kupokea mafuriko, na mahali palipoonekana panafaa, pale mito inapokutana, palikuwa na kijiji. Yanaka ilikuwa na kaya zipatazo 450, watu kama 2,700. Palikuwa chini, maji yalizoea kuingia, kwa hiyo watu walijenga nyumba juu ya vichuguu vya udongo walivyovijaza kwa mikono. Mafuriko ya zamani yalileta rutuba. Walivua, walilima, walisuka.

Desemba 1904 bunge la mkoa lilipitisha fedha za kukinunua kijiji. Tanaka, aliyekwisha kujiuzulu ubunge na hata kujaribu kumkabidhi Mfalme barua mkononi barabarani tarehe 10 Desemba 1901, alihamia Yanaka mwaka huo akakaa na wanakijiji. Mwaka 1906 jina la kijiji lilifutwa katika vitabu vya serikali. Wengi walichukua fidia wakaondoka. Kaya 16 zilikataa. Kuanzia tarehe 29 Juni 1907, polisi na vibarua walizibomoa nyumba zao moja moja kwa muda wa wiki moja. Ni majira ya mvua huko. Wenyewe wakafunga vibanda juu ya vichuguu vile vile, na wengine walikaa humo karibu miaka kumi. Mahakama ya rufani ilikuja kukubali mwaka 1919 kwamba walilipwa pungufu ya haki yao. Wakati huo hapakuwa tena na kijiji cha kurudia.

Tuseme neno kuhusu mzee Tanaka, kwa sababu akina baba wanaosoma gazeti hili kwa kificho watapenda. Mwaka 1900 alipiga mwayo mahakamani, wakulima waliokamatwa Kawamata wakishitakiwa. Kwa mwayo huo alihukumiwa kwa kudharau mahakama, na mwaka 1902 akakaa gerezani kama siku arobaini. Humo ndimo alimosoma Agano Jipya kwa dhati. Alipofariki tarehe 4 Septemba 1913, nyumbani kwa rafiki njiani, alikuwa ametumia mali yake yote. Mkoba wake ulikutwa na Agano Jipya, nakala ya katiba, vitabu vyake vya kumbukumbu, na vijiwe vitatu vya mtoni. Aliyemuuguza hadi mwisho ni mkewe, Katsu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemwona nyumbani kwa nadra. Vitabu vingi humwita Tanaka shujaa, nasi hatukatai. Lakini tungependa kusoma pia kitabu kinene kuhusu Katsu.

*Mkunjo wa moyo*

Miaka ya 1970 serikali iliamua kuchimba bwawa ndani ya bonde. Ramani ilipita juu ya makaburi ya Yanaka. Wakati huo wazee waliozaliwa kijijini walikuwa wachache, lakini watoto na wajukuu walikuwepo katika miji ya jirani. Mashine zilipokaribia makaburi mwaka 1972, walifika mahali penyewe kuzizuia. Mabishano yakawa marefu. Mwishowe wahandisi waliikunja ramani: bwawa likapita pembeni, likaacha kipande cha ardhi ambamo kilikuwa kiini cha kijiji. Lilipokamilika mwaka 1989 ndipo watu wakagundua kwamba lina umbo la moyo. Hakuna aliyekusudia urembo. Mkunjo ule wa juu ni makaburi yaliyokataa kuhama.

Tuliingia huko kwa miguu, na baiskeli tukaziacha njiani. Baada ya uwazi wa bwawa, unaingia chini ya miti mikubwa, kimya. Panaonyeshwa palipokuwa hekalu lao, palipokuwa ofisi ya kijiji, na mawe ya makaburi yaliyolika herufi. Kisha unaanza kuviona vichuguu. Mwanzoni hukijui hiki ni nini, unadhani ni kilima tu. Ukisogea unakuta kibao kimeandikwa jina la mwenye nyumba. Hatua chache, kingine. Tena kingine. Mwenyeji wetu alitusomea majina kwa sauti ya chini, na juu ya kichuguu kimoja tulikuta mti wa matunda uliokuwa umeachwa uote wenyewe.

Tulipima kwa hatua. Nyumba ile haikuwa kubwa kuliko zetu. Upande wa nyuma palikuwa na shimo lililozama kidogo, na tukakubaliana, bila ushahidi wowote ila mazoea ya akina mama, kwamba jiko lilikuwa hapo.

Mgodi wa Ashio ulifungwa mwaka 1973. Watu wa kujitolea wanapanda miti katika milima iliyochunwa, na baadhi ya miteremko imeanza kurudia kijani. Lakini mabaki ya shaba bado yamelundikwa juu ya mto. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 liliporomosha sehemu ya lundo moja hadi mtoni, na maji yalipopimwa yalikutwa na madini ya risasi kupita kiwango kinachoruhusiwa. Chini ya matete haya mazuri, udongo ulioshushwa na mafuriko ya zamani bado upo.

Na watu wa Yanaka? Wengine walikwenda vijiji vya jirani, ambako hawakupokelewa vizuri wakati wote. Mwaka 1911 familia 66 kutoka vijiji vilivyoathirika, zikiwamo za Yanaka, zilipelekwa kisiwa cha kaskazini, Hokkaido, mahali paitwapo Saroma, kufyeka msitu katika nchi ya theluji. Walikuwa wameahidiwa ardhi nzuri. Nyingi zilishindwa zikatawanyika. Waliobaki wakaliita makazi yao mapya Tochigi, kwa jina la mkoa uliowauza. Waliomba mara kwa mara kurudishwa nyumbani, na mwaka 1972, baada ya miaka zaidi ya sitini, familia chache zilirudi mkoani. Mwenyeji wetu alipotueleza hayo tulikuwa tumeketi juu ya tuta tukinywa chai ya chupa aliyoitoa mkobani. Tulimuuliza, je, hao waliorudi walikuwa wanapakumbuka Yanaka? Akafikiri kidogo. Walio wengi walizaliwa huko kwenye theluji, alisema, wakafundishwa na mama zao jinsi ya kupapenda.